TUNUNUE BUNDUKI AU TUSINUNUE?

Mazungumzo ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa ushirika. Yamebandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakufika.



Katika mkutano uliopita ililetwa hoja kwamba fedha za mfuko wa ulinzi zinunue bunduki. Hoja hiyo haikuja bure. Nguruwe pori wanachimba mihogo yetu usiku, ngedere wanamaliza mahindi mchana, na ukuta wa ghala la korosho ulikutwa umetobolewa. Mtu aliyelima kwa jasho halafu akalala njaa ana haki ya kukasirika. Kwa hiyo simcheki aliyeileta hoja wala simlaumu.

Ila vijana waliosimama kuiunga mkono hawakutaka bunduki yoyote tu. Walitaka "semi", ile ambayo askari wanaiita SAR. Walisema ina pistoni, haikwami kwa vumbi, na inapiga kumi bila kupumzika. Mwenyekiti akaniomba nieleze bunduki hiyo ni kitu gani, ili Jumamosi tupige kura tukijua tunachokipigia kura. Nimeandika kwa herufi kubwa ili hata ndugu zetu wa darasa la kisomo wasome wenyewe, wasisomewe.

KWANZA: BUNDUKI YENYEWE NI IPI

Jina lake la kiwandani ni SKS. Aliyeibuni ni Sergei Simonov, fundi wa Urusi, na jeshi la Umoja wa Kisovieti liliipokea mwaka 1949. Wachina nao wakatengeneza ya kwao, wakaiita Type 56. Unene wa risasi yake ni milimita 7.62, risasi ile ile inayotumika kwenye AK-47, ambayo sisi tumezoea kuiita SMG. Magazini yake inabeba risasi 10. Uzito wake unakaribia kilo 4 kabla hujaijaza. Basi muelewe tangu hapa kwamba hiki ni chombo kilichobuniwa kwa vita.

PILI: PISTONI INAFANYA KAZI GANI

Mashine yetu ya kusaga ina pistoni, na kila mtu ameisikia ikigonga. Dizeli inawaka ndani ya silinda, moto unasukuma pistoni, pistoni inazungusha mashine. Bunduki hii ni hivyo hivyo. Baruti ikiwaka inatoa gesi, na gesi inasukuma risasi ndani ya mtutu. Juu ya mtutu kuna tundu dogo. Risasi ikishalipita tundu hilo, gesi kidogo inapanda na kusukuma pistoni. Pistoni inarudisha boliti nyuma, ganda tupu linaruka nje, halafu springi inairudisha boliti mbele ikiwa na risasi mpya. Yote hayo yanakwisha kabla hujafumba na kufumbua jicho. Mpigaji kazi yake ni kuvuta kifyatulio tena. Ukivuta mara moja, inatoka risasi moja. Hapo ndipo inapotofautiana na SMG, ambayo ukiiweka kwenye mfululizo na kushikilia kifyatulio, risasi zinatiririka.

Vijana wamesema kweli kuhusu vumbi, na ukweli lazima tuukubali. Ziko bunduki nyingine, kama AR-15 iliyotokana na kazi ya Eugene Stoner wa Marekani, ambazo gesi yake inakwenda hadi kwenye boliti yenyewe, na masizi ya baruti yanaingia mle ndani. Kwenye bunduki ya pistoni, masizi mengi yanabaki huko mbele. Kwa hiyo inavumilia uchafu. Hiyo ndiyo sifa yake.

TATU: UBAYA AMBAO HAUKUSEMWA MKUTANONI

(a) Ndani ya boliti ya SKS kuna pini inayogonga fataki ya risasi. Katika nyingi ya bunduki hizi pini hiyo haina springi ya kuizuia, inacheza huru. Grisi ikigandia humo, au kutu, pini inakwama ikiwa imechomoza mbele. Hapo boliti ikijifunga tu, risasi inalia yenyewe na kidole hakijagusa kitu. Inaweza kulia ya pili na ya tatu. Sasa fikirini bunduki iliyokaa miezi mitatu kwenye kona ya ghala, halafu mtu anaikoki akiwa amezungukwa na watu.

(b) Risasi nyingi za zamani za kijeshi zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu na kwenye pistoni. Chumvi inavuta unyevu, unyevu unaleta kutu. Dawa yake ni kuosha kwa maji ya moto, kukausha na kupaka mafuta kila baada ya kupiga. Niwaulize jamani: pampu ya kupulizia korosho tunaiosha kila tukimaliza kazi? Jibu tunalo sote.

(c) Jambo kubwa kuliko yote ni umbali. Risasi hii inatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 735 kwa sekunde moja. Alama za kulengea zilizochorwa juu ya bunduki zinafika mita 1000. Sasa pimeni. Kutoka mashamba ya bondeni hadi shule ya msingi hakufiki mita 1000. Zahanati iko karibu zaidi. Nguruwe tunamkuta usiku, hatua thelathini, ndani ya mahindi marefu, na mpigaji ana hofu. Risasi ikimkosa nguruwe haisimami kwenye mahindi. Inaendelea, na mbele yake kuna nyumba za miti na udongo ambamo watoto wamelala. Na kwa kuwa pistoni imeshaleta risasi nyingine, mtu mwenye hofu atavuta tena na tena. Pistoni inaongeza kasi ya kidole, haiongezi nuru ya macho.

NNE: SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka anayemiliki bunduki awe na leseni. Maombi yanaanzia hapa hapa kijijini, yanapanda hadi polisi. Bunduki haiazimwi kama jembe, leo kwa huyu kesho kwa yule. Na nasikia minong'ono kwamba yupo mtu anayo "semi" ya bei nafuu. Ndugu zangu, anayeuza silaha ya jeshi gizani ni mhalifu, na anayeinunua ni mwenzake. Bunduki ya namna hiyo hamjui imetoka wapi wala imemuua nani. Aliyenayo aipeleke polisi. Tangu mwaka 2017 Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa wa kusalimisha silaha kwa hiari, lakini siyo lazima kungoja Septemba.

Ipo pia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Anayewinda bila kibali ni jangili, hata kama nyama ataigawa kijiji kizima. Ukilazimika kumuua mnyama kwa kuokoa maisha au mali, unatakiwa utoe taarifa.

TANO: TUFANYE NINI BASI

Kukataa peke yake siyo kazi ya kiongozi. Napendekeza haya:

1. Mashamba yapakane. Shamba moja moja lililojitenga porini linataka mlinzi wake, lakini mashamba kumi yaliyoungana yanalindwa na madungu matatu kwa zamu. Vichaka vya mpakani vifyekwe, maana nguruwe anapenda kutokea mafichoni.

2. Muhogo mchungu tuupande pembezoni, mtamu tuuweke ndani. Wazee walifanya hivyo, na wanyama wengi wanauogopa ule uchungu. Akina mama wanajua kwamba lazima uandaliwe vizuri kabla ya kuliwa, maana una sumu.

3. Tembo wakija, bunduki ya mtu wa kijijini siyo jibu hata kidogo. Kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili zinawarudisha. Mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba inawatisha pia, na asali tunauza. Afisa Wanyamapori wa Wilaya aitwe mapema, siyo baada ya shamba kwisha.

4. Ghala lizibwe ukuta kwa tofali za saruji, liwekwe kufuli mbili na funguo zishikwe na watu wawili tofauti, taa ya sola iwake usiku kucha. Mwizi wa korosho akisikia ghalani kuna bunduki, atakuja kuifuata bunduki yenyewe.

5. Mkutano ukiona bado silaha inahitajika, basi iwe bunduki ya marisau, ya mtu mwenye leseni na aliyefundishwa. Marisau yanapungua nguvu mapema, hayafiki shuleni.

MWISHO

Kura ni yenu, siyo ya Katibu. Ila kila mmoja kabla hajanyoosha mkono ajiulize maswali matatu. Nani ataishika usiku? Nani ataisafisha kila mara? Na risasi itakayokosa, itakwenda kulala kwa nani? Asiyekuwa na majibu ya maswali hayo, asinunue bunduki kwa fedha za wenzake.

Tukutane Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe. Akina mama mje kwa wingi, kwa sababu mashamba mengi ni ninyi mnaolala madunguni.


Katibu wa Tawi