Nguvu ya Amplifaya Haisomwi kwenye Stika
Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa, Mkuu, Wilaya ya Rombo



Leo tumekuja kuzungumzia kifaa ambacho wengi wenu hukifahamu kwa sauti yake kabla ya kukifahamu kwa umbo lake, nacho ni amplifaya iliyoundwa na fundi. Kila ifikapo Desemba, watoto wa Rombo waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na Nairobi hurejea nyumbani. Harusi na ubatizo hufuatana, na muziki husikika kutoka kihamba kimoja hadi kingine. Amplifaya ya kiwandani yenye nguvu ya kuhudumia shughuli kama hizo ina bei ambayo wengi hawaimudu. Kwa sababu hiyo watu humwendea fundi wa redio, naye huwaundia.

Hatukuja kuwakataza. Fundi hodari huweza kuunda kifaa kizuri, na kikiharibika unajua pa kumpata. Kasoro iliyopo ni kwamba mnunuzi wa amplifaya ya kuundwa mara nyingi hana maandishi yoyote ya kumwongoza isipokuwa stika iliyobandikwa mbele ya kasha, yenye maneno kama “Wati 1000”. Tunataka kila mmoja wenu aondoke hapa akiwa na uwezo wa kuihoji stika hiyo.

Nguvu hutoka wapi

Amplifaya haizalishi umeme. Hupokea umeme kutoka ukutani au kwenye betri, kisha huutumia kuikuza sauti dhaifu ya simu au redio hadi iweze kuisukuma spika. Hivyo basi haiwezi kutoa nguvu zaidi ya ile inayoipokea, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea kama joto. Kwa amplifaya za kawaida zinazoundwa na mafundi wetu, hata mambo yakienda vizuri kabisa, kinachofika kwenye spika hakizidi takriban robo tatu ya kinachoingia.

Swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: “Fundi, transfoma yake ni ya volti ngapi na ampea ngapi?” Zidisha namba hizo mbili. Tuchukulie ameweka transfoma ya volti 12 kwa 12, yaani jumla ya volti 24, yenye ampea 3. Mara 24 kwa 3 ni 72. Kifaa hicho hakiwezi kutoa hata wati 72 kwa mfululizo, seuze 1000. Stika imeandikwa karibu mara kumi na nne ya kile ambacho transfoma inaweza kubeba. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Wale wanaotumia sola na betri ya gari wapige hesabu nyingine. Kwa betri ya volti 12 na spika ya omu 4, sakiti ya kawaida hufikia takriban wati 4 na nusu, na sakiti mbili zilizounganishwa kuisukuma spika moja kwa pande zote mbili hufikia takriban wati 18. Kuvuka hapo kunahitaji kifaa maalumu cha kupandisha volti ndani ya kasha. Mkiambiwa kuwa mashine ya betri ina mamia ya wati, ombeni kuonyeshwa kifaa hicho.

Wati chache si aibu

Sikio la binadamu halihesabu wati kama mfuko unavyohesabu shilingi. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 40 hadi 80, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, nguvu huhitaji kuongezwa takriban mara kumi. Kwa hiyo wati 40 za kweli zenye spika nzuri zitawahudumia wageni wa uani vizuri zaidi kuliko wati 1000 za stika. Mwenye fedha za ziada na azitumie kwanza kwenye spika bora.

Fundi anayekwambia ukweli huu atakuwa amekuepusha na gharama. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Usalama hauna mjadala

Nguvu pungufu hukupotezea fedha, lakini waya uliofungwa vibaya huweza kuua. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Kabla ya kulipa, mwombe fundi aichomoe mashine ukutani, aifungue mbele yako, nawe uangalie mambo haya bila kugusa kitu.

Kwanza, pawepo transfoma inayotenganisha umeme wa ukutani na sakiti ya muziki. Kifaa kilichounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani bila utenganisho wa aina hiyo kisinunuliwe kwa bei yoyote, kwa kuwa anayeshika waya wa spika au wa maikrofoni huweza kushika volti 230.

Pili, kasha likiwa la chuma, waya wa ardhi wenye rangi ya kijani na njano uwe umefungwa kwa skrubu kwenye kasha lenyewe, na plagi iwe ya miguu mitatu. Waya wa moto ukilegea na kuligusa kasha, njia ya ardhi ndiyo itakayosababisha fyuzi ikatike badala ya mtu kupigwa na umeme. Ulinzi huo hufanya kazi pale tu ambapo soketi ya nyumba nayo ina waya wa ardhi. Kama una shaka, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aikague nyumba yako.

Tatu, pawe na fyuzi ndani ya mashine, kwenye waya wa moto ambao ni wa kahawia. Wapo wanaodhani kwamba fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi inatosha. Ampea 13 kwa volti 230 ni karibu wati 3000. Transfoma ndogo itawaka moto muda mrefu kabla fyuzi hiyo haijakatika. Ukiona fyuzi imezungushiwa uzi wa waya au karatasi ya sigara, usikichukue kifaa hicho.

Nne, waya unaoingia ubanwe vizuri pale unapopita kwenye kasha, usining’inie kwenye risasi iliyolehemewa. Kasha liwe na matundu ya hewa, nalo lihifadhiwe pakavu, hasa wakati wa masika ambapo unyevu wa milimani huingia kila mahali.

Tunaongeza onyo kwa vijana wanaojifunza. Kapasita kubwa za ndani huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiye na ujuzi asitie mkono wala bisibisi ndani. Anayetaka kuujua ufundi huu na aende kwa mwalimu. Chuo cha VETA kipo hapo Moshi.

Namna ya kusikiliza

Baada ya kuangalia, sikiliza. Nenda na wimbo unaoufahamu vizuri, na ikiwezekana spika utakayoitumia.

Kabla spika yako haijaunganishwa, mwombe fundi apime kwa multimita volti za betri, yaani volti zisizogeuka, kwenye matundu ya spika pasipo muziki. Zikizidi sehemu moja ya kumi ya volti, arekebishe kwanza. Zikifikia volti kadhaa, spika yako itaungua hata bila wimbo kupigwa.

Halafu washa mashine huku sauti ikiwa sifuri, usogeze sikio karibu na spika. Mvumo mdogo sana unavumilika. Mvumo unaosikika ukiwa umeketi mbali unaashiria kapasita dhaifu au nyaya zilizopangwa vibaya. Kisha piga wimbo wa kwaya au hotuba kwa sauti ya wastani. Je, maneno yanasikika yote? Besi nzito huficha kasoro nyingi, lakini sauti ya mtu huzifichua. Pandisha sauti polepole. Pale inapoanza kukwaruza ndipo mwisho halisi wa nguvu ya mashine hiyo, hata kama kitufe bado kina nafasi ya kuzunguka.

Iache icheze kwa nusu saa kwa kiwango cha shughuli. Izime, uchomoe plagi, kisha uliguse bamba la kupozea joto lililo nje ya kasha. Kama kidole hakivumilii hata sekunde chache, mashine hiyo haitamaliza harusi.

Pamoja na hayo, kumbukeni masikio yenu na majirani. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki, na ile ya desibeli 90 isizidi saa 4. Aidha, tunazo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Haki yako na wajibu wako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Aliyeuziwa kwa maelezo ya uongo anaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani. Lakini malalamiko huhitaji ushahidi. Dai risiti, na mwandikiane karatasi yenye volti na ampea za transfoma, omu za spika inayoruhusiwa, ukubwa wa fyuzi, na muda ambao fundi atatengeneza bure kikiharibika. Wote wawili mtie saini. Karatasi hiyo humlinda fundi vilevile, kwa kuwa mteja aliyeunganisha spika zisizoruhusiwa hatakuwa na la kudai.

Ndugu zetu mafundi, tunawaomba mbandue stika zisizo za kweli. Andikeni “Wati 30, spika ya omu 8” ikiwa ndivyo ilivyo. Mteja atakayeona kwamba mlichoandika ndicho alichokisikia atawaletea wateja wengine Desemba ijayo.

Nanyi wanunuzi, msilipe kabla ya kuuliza kuhusu transfoma, kuiona fyuzi na waya wa ardhi, na kuisikiliza mashine kwa nusu saa. Anayeuza kwa haki hatakunyima nusu saa hiyo.