Uwanja wa Nyumba na Haki ya Anayeutunza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi na kuipa kila nchi maji yake na joto lake kwa kipimo anachokijua Yeye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aufuataye mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria hapa Mbuchi, nanyi mnaotusikiliza majumbani na mashuleni, nakuusieni na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tutazungumza juu ya uwanja wa nyumba: nani anautunza, kwa gharama gani, na gharama hiyo inatoka wapi. Huenda mtu akauliza, haya nayo ni ya mimbari? Naam, ni ya mimbari. Kila penye mtu anayemfanyia kazi mwenziwe pana haki, na kila penye haki pana hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu.

Nitaanza na habari iliyonifika mimi mwenyewe, maana asiyejihukumu nafsi yake hana uso wa kuwahukumu wenziwe. Masika moja uwanja wangu uliota majani mpaka kando ya kisima. Nikamwita ndugu mmoja wa ng'ambo ya mto, mfyekaji hodari. Alifanya kazi siku mbili. Alifyeka, akazibua mfereji, akakusanya vifuu na makopo yote yaliyotuama maji. Alipomaliza nikamwambia, "Njoo kesho." Nanyi mnaijua delta yetu. Maji yakitoka, kijito hubaki tope, na mtumbwi haupiti. Mwenye kuja hana budi kungoja maji yajae ndipo arudi kwake. Basi neno langu moja, "njoo kesho", lilimla mtu yule siku nzima. Akaja mara ya pili, nikamwambia lile lile. Mara ya tatu hakuja.

Siku ya Ijumaa nikamwona hapa hapa, safu moja nami. Alinipa mkono, akanitolea salamu, asiseme neno jingine. Wallahi, swala ile niliiswali moyo wangu ukinisuta. Baada ya swala nilikopa fedha, nikamlipa ujira wake na siku alizozipoteza, nikamwomba radhi. Nilipokaa na kujihoji niliona kwamba fedha ilikuwapo tangu mwanzo. Niliitumia kwa mambo mengine wiki ile ile. Kosa langu ni kwamba nilizitumia nguvu za mtu kabla ya kujua ujira wake utatoka wapi.

Ndugu zangu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamuru kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, amehesabiwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Nani kati yetu anayeweza kusimama katika kesi ambayo mshitaki wake ni Mola wake?

Tazameni pia kisa cha Nabii Musa, amani imshukie, katika Sura ya Al-Qasas. Alifika Madyan, nchi ya jangwa, hana kitu. Akawanyweshea wanyama wasichana wawili pale kisimani. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mtu anayefaa kuajiriwa ni yule mwenye nguvu na mwaminifu. Mzee yule hakusema, "Fanya kazi, tutaona baadaye." Aliutaja ujira kwanza. Akautaja muda: miaka 8, na akitimiza 10 ni hiari yake. Akaongeza kwamba hataki kumtaabisha. Musa naye akakubali, na Mwenyezi Mungu akawa shahidi wao. Humo mna mambo manne ya kila mwajiri: chagua mwenye uwezo na amana, taja ujira, taja muda, wala usimbebeshe mtu mzigo mliokuwa hamkukubaliana.

Sasa tuje katika hesabu yenyewe. Kila nchi ina gharama yake. Wengi wenu mna jamaa Maskati na miji mingine ya Omani, na mnaziona picha za nyumba zao zenye bustani. Jueni kwamba katika jangwa lile gharama kubwa ya uwanja ni maji. Wazee wa Omani waliyaleta kwa mifereji iitwayo falaji, wakagawiana kwa zamu za muda uliopimwa, na mitano katika mifereji hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwenye busara kule hupanda mtende na miti inayostahimili joto, akamwagilia alfajiri au jioni, ili jua lisiyanywe maji kabla ya mizizi. Na serikali yao, tangu mwezi wa Juni hadi Agosti, hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Basi anayemwajiri mtunza bustani kule hana budi kuzihesabu na saa za kupumzika. Hata huku kwetu, jua la kiangazi si la kumsimamisha mtu mchana kutwa.

Lakini sisi wa Mbuchi tusiige majani ya kupandwa yanayonyweshwa kila siku kwa sababu tumeyaona katika picha. Mtume wetu alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Kwetu gharama ya uwanja ni nyingine: kufyeka wakati wa masika na vuli, kuzibua mifereji, kupogoa matawi na kuangua nazi kavu zisije zikamwangukia mtoto, kurekebisha wigo. Mfereji wa nyumbani hauwezi kuuzuia mto. Tuliyaona mafuriko ya Aprili mwaka 2024 hapa Kibiti na Rufiji, na Kimbunga Hidaya kikafuata mwezi wa Mei. Lakini mfereji uliozibuliwa huondoa madimbwi wanamozaliana mbu wa malaria, na kifuu kilichofunikizwa humnyima makazi mbu wa homa ya dengi. Kwa hiyo kazi hii ni kinga ya watoto wetu na ya jirani zetu.

Nanyi vijana wanafunzi, chukueni kalamu, muwafanyie wazee wenu hesabu hii. Tuseme kwa mfano kwamba mmekubaliana na mfyekaji shilingi 20,000 kwa kila safari, na kwa mwaka mnamhitaji mara 6. Hizo ni shilingi 120,000. Ongezeni fungu la kumi kwa mambo ya ghafla, kama wigo kuanguka au mti kukatika, yaani shilingi 12,000. Jumla ni 132,000. Gawanyeni kwa miezi 12, mtapata shilingi 11,000 kila mwezi. Ikiwa pato la nyumba haliji kwa mwezi, bali huja kwa mavuno ya mpunga au msimu wa kamba, basi fungu hilo litengwe siku ile ya mauzo, kabla fedha haijatawanyika. Na likionekana kubwa kuliko uwezo, punguzeni kazi, msipunguze ujira. Mwiteni fundi mara 3, na mara 3 fagieni na kufyeka wenyewe, baba na wanawe. Hapana aibu, Mtume wetu alikuwa akizifanya kazi za nyumbani kwake kwa mkono wake.

Mapatano yenyewe yaandikeni. Katika Sura ya Al-Baqara Mola wetu ametuamuru kuliandika deni la muda maalumu, liwe dogo au kubwa, ili shaka isiingie. Karatasi moja yatosha: kazi gani, siku ngapi, ujira kiasi gani, panga na reki ni za nani, na chakula cha mchana kimo au hakimo. Naye mfanyakazi ana wajibu wake: akipokea ujira wa siku nzima, aifanye kazi ya siku nzima, wala asiache majani nyuma ya nyumba pasipoonekana.

Liko jambo jingine ambalo watu wa delta hatuna budi kuambiana. Mtu akitaka wigo wa bei rahisi, huagiza fito na boriti zilizokatwa usiku katika mikoko. Mikoko yetu ni msitu wa hifadhi, na kuikata hutaka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Ndiyo inayoshika kingo za vijito na kuwalea kamba na samaki tunaowala. Wigo wa namna hiyo huonekana rahisi leo, kumbe bei yake atailipa mwanao. Wekeni katika makadirio yenu bei ya mti wa halali, au tumieni makuti ya minazi yenu.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Furqan, amewasifu waja wake kwamba wanapotumia hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hushika njia iliyo kati. Uwanja wa fahari uliojengwa kwa deni la maskini ni israfu, na kumnyima mtu jasho lake ni zaidi ya ubakhili, ni dhuluma.

Ndugu zangu, kabla jua la leo halijatua, kila mmoja wetu ajiulize: yuko nani niliyemwambia "njoo kesho"? Ikiwa yuko, asimngoje avuke maji tena. Apande yeye mtumbwi, ampelekee haki yake mlangoni.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyakosea katika haki za waja wako. Tupe riziki ya halali, utufanye wepesi wa kulipa na wagumu wa kudhulumu. Zilinde nyumba zetu, mashamba yetu na mto wetu, uwarehemu waliotangulia katika wazee wetu. Amin.

Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwangu na kwenu nyote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.