Kibarua Anayerudi Kila Siku ni Mwajiriwa

Msikilizaji, kiwanda kikipunguza wafanyakazi, idadi inayotangazwa ni ya wale wenye barua za ajira. Vibarua hawamo. Hawa ndio wanaojaa langoni alfajiri katika Eneo la Viwanda hapa Nairobi, Athi River na Thika, wakingoja majina yao yaitwe. Mmoja hushona suruali, mwingine hupakia sabuni, mwingine hubeba magunia ya unga. Biashara ikizorota, msimamizi haandiki barua ya kumfuta yeyote. Anaacha tu kuwaita. Kibarua cha mtu kimeota nyasi, na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba aliwahi kuwa na kazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikubali dhuluma hii. Kwa kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Na kifungu cha 40 kinadai kwamba kabla ya kupunguza watu, mwajiri atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, likizo zilizosalia zilipwe, na kila mwaka kamili wa utumishi ulipiwe mshahara wa siku zisizopungua 15. Aliyetumika miaka 10 anastahili siku 150. Hiyo ni kodi ya nyumba na unga wa watoto kwa miezi mitano, akitafuta pa kuanzia upya.

Wenye viwanda wana machungu yao. Stima ni ghali, bidhaa za nje zimejaa sokoni, na oda huja na kupotea. Nakubali. Lakini mashine inayozunguka Januari hadi Desemba haina kazi ya msimu, na anayeiendesha si mpita njia.

Hasara ya kibarua kupoteza kazi haiishii kwake. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, pigo lilimfikia mwenye nyumba za kupangisha, mwenye duka na muuza mboga. Kuna njia ya kupunguza pigo kama hilo: Tanzania iliweka fao la kukosa ajira katika sheria zake za hifadhi ya jamii mwaka 2018. Kwetu, akiba ya NSSF humngoja mfanyakazi azeeke, ilhali njaa haimngoji.

Kwa hiyo naiambia Wizara ya Leba: watumeni maafisa langoni sasa, viwanda vikiwa bado vinafanya kazi, wakague orodha za vibarua. Vyama vya wafanyakazi, waandikisheni hawa pia. Nawe ndugu kibarua, hifadhi kila ujumbe wa malipo ya M-Pesa na kila kadi ya kuingilia kazini. Kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri. Asipouonyesha kortini, ni yeye atakayetakiwa kuyakanusha madai yako. Haki hiyo ni yako tayari. Idai.