Masafa ya Angani na Masafa ya Likoni



Atakaye kujua masafa yaliyopo baina ya Nairobi na pwani yetu kwa njia ya anga hupewa jawabu bila taabu: kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta hadi Uwanja wa Moi, Mombasa, ni takriban kilomita 420, na hadi kiwanja chetu kidogo cha Ukunda, huku Kwale, ni takriban 440, zikipimwa kwa mstari ulio mfupi kupita yote juu ya mviringo wa dunia. Ndege za rafadha zituazo Ukunda huenda aghalabu baina ya kilomita 500 na 650 kwa saa, na kwa kuwa muda mwingine hupita zikitambaa kiwanjani, zikipaa na kushuka kwa mwendo wa taratibu, ratiba huandika saa moja au kuzidi kidogo.

Basi kwa hesabu hiyo, tofauti ya viwanja hivyo viwili ni dakika chache mno. Lakini muulizeni mama wa Msambweni, kusini mwa Ukunda, aliyeteremkia Mombasa, mwenye mizigo na mtoto mgongoni, alifika kwake saa ngapi. Kutoka Moi hadi Ukunda, kwa mstari ulionyooka, hapatimii kilomita 30. Ila katikati yamelala maji ya bandari ya Kilindini, naye hana budi kuipita Changamwe, aingie kisiwani Mombasa, kisha asimame Likoni kuingojea feri ivuke mlango wa bahari ambao upana wake haufiki hata kilomita moja, na siku ya msongamano kungojea huko huweza kuushinda muda wote aliokaa angani. Wala kuvuka kwenyewe si jambo jepesi nyoyoni mwetu, maana Aprili 29, 1994, feri ilizama katika kivuko jirani cha Mtongwe na zaidi ya watu 270 wakafa maji, na misiba ile ingali inakumbukwa majumbani.

Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024 kwa daraja la Mteza lenye urefu wa mita 1,440 hivi, imemwondolea mwenye gari adha hiyo, kwani hushika njia kutoka Miritini hadi Kibundani asiione feri. Hiyo ni neema kubwa, nami naisifu kwa dhati. Lakini mnyonge wa kupanda matatu hufuata iendako matatu, na laiti wenye mamlaka wangeyapangia magari ya abiria safari za Dongo Kundu kwa saa na nauli zijulikanazo, zikilingana na nyakati za ndege kutua. Na wakata tiketi wa Nairobi, kabla ya kumtajia bei msafiri wa kusini, na wamwulize nyumbani kwake ni upande gani wa maji.