Marufuku Inayokwama Mpakani

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ni haramu nchini Kenya. Faini yake inafika shilingi milioni 4, ama kifungo cha hadi miaka 4. Ila Busia na Malaba, miji ya mpakani na Uganda, mifuko haijaisha. Ng'ambo, upande wa Uganda wanakoiita kaveera, sheria ya kuidhibiti ipo tangu 2009, lakini utekelezaji umelegea, na bodaboda moja kwenye njia ya panya inatosha kuvusha robota zima.

Hukamatwa nani? Mara nyingi ni mchuuzi. Huko ni kukata matawi na kuacha mzizi. Mwenye ghala analala salama.

Mito nayo haipangi foleni forodhani. Mto Sio humwaga maji Ziwa Victoria, mto Malaba huelekea Ziwa Kyoga, na taka za mtaro wa soko huandamana nayo. Kenya na Uganda zina mradi wa pamoja wa bonde la Sio-Malaba-Malakisi, chini ya Mpango wa Bonde la Nile. Elimu yake na ifike sokoni, kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso. Na mamlaka za mazingira, NEMA zote mbili, maana kila nchi ina yake, zikague maghala siku moja, saa moja, pande zote za mpaka.