Ulimi Hufundwa: Rojo la Hamira na Mabishano ya Mataifa juu ya Ladha

Mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa katika sayansi ya chakula na lishe



Machi 2011 Waziri Mkuu wa Australia, Julia Gillard, alikuwa ziarani Marekani. Yeye na Rais Barack Obama walikwenda kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari huko Virginia, na mazungumzo yakafika kwenye Vegemite, rojo la hamira la kupaka kwenye mkate. Obama alisema waziwazi kwamba kitu kile ni kibaya mno. Gillard, aliyezaliwa Wales na kuhamia Australia akiwa mtoto mdogo, alisema anakipenda, kisha akaeleza kinavyoliwa: mkate uchomwe, upakwe siagi kwanza, ndipo Vegemite ipitishwe juu yake kidogo tu. Wengi waliosikia walicheka wakapita. Mimi nilibaki na jibu la Gillard. Mtu anayekitetea chakula cha kwao hasemi tu kwamba ni kitamu. Hufundisha namna ya kukila. Hapo ndipo mabishano haya yanapopaswa kuchunguzwa, na hapo ndipo watu wa fani yangu hawajapachunguza vya kutosha.

Kwa wasiolifahamu, rojo hili ni zito, jeusi au la kahawia iliyokolea, lina chumvi kali na uchungu kwa mbali, na harufu yake hukaribia ya supu ya nyama iliyochemka hadi ikakaribia kukauka, ingawa halina nyama hata chembe. Hutokana na pombe. Hamira inayochachusha bia huzaliana, na bia ikishaiva hubaki tope la hamira chini ya pipa. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig ndiye aliyeonyesha katika karne ya 19 kwamba tope lile linaweza kukolezwa likawa chakula cha kuwekwa chupani. Hutiwa chumvi na kupashwa joto la wastani. Seli za hamira hupasuka, na vimeng'enya vyake vyenyewe huvunja protini zake vipandevipande hadi zikawa asidi za amino. Maganda huchujwa, maji hupunguzwa, rojo likabaki. Jambo hili la hamira kujimeng'enya yenyewe hunistaajabisha hadi leo, kila ninapowafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili.

Kiwanda cha Marmite, rojo la hamira la Waingereza, kilianzishwa mwaka 1902 Burton upon Trent, mji wa Uingereza uliojaa viwanda vya bia. Sababu haikuwa ushairi, ilikuwa hesabu: malighafi ilikuwa ikitupwa hapo hapo. Undugu huo wa bia na rojo haujakatika. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga baa, viwanda vya bia vya Uingereza vikapunguza uzalishaji na hamira ikaadimika, hata watengenezaji wa Marmite wakasimamisha karibu saizi zote za chupa wakabakiza moja. Afrika Kusini, ambako serikali ilipiga marufuku uuzaji wa pombe kwa vipindi kadhaa, rojo lile lilipotea madukani, na watu wasioonja bia maishani mwao wakajikuta hawana cha kupaka kwenye mkate.

Tuje Australia, kwa maana huko ndiko tunakoona taifa zima likifundwa ulimi, hatua kwa hatua, na tarehe zake tunazo. Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga shehena za Marmite kutoka Uingereza. Mfanyabiashara wa Melbourne, Fred Walker, akamwajiri mkemia Cyril Callister atengeneze rojo la nyumbani kutokana na hamira ya viwanda vya bia. Vegemite ikaingia sokoni mwaka 1923. Watu hawakuitaka. Walishazoea Marmite, na hiki kipya kilikuwa na ladha nyingine. Mwaka 1928 kampuni ilibadilisha hata jina, ikaiita Parwill, bado haikununuliwa. Mwaka 1935 jina la kwanza likarudi. Kisha Walker akafanya lililogeuza mambo: akaigawa bure, kwa kuponi, kwa wanunuzi wa jibini lake. Familia zilizokuja kwa ajili ya jibini zikaondoka na kichupa cha rojo. Yakafuata mashindano ya kutunga mashairi mafupi, na zawadi ilikuwa magari. Mwaka 1939 chama cha madaktari kikaitambua, na tangu hapo daktari angeweza kumshauri mama ampe mwanawe kwa ajili ya vitamini za kundi B. Vita vya pili vikaja, jeshi likainunua kwa wingi, raia wakagawiwa kwa mgao. Mwaka 1954 ukasikika redioni wimbo wa tangazo ulioimbwa na watoto, na kizazi cha watoto hao ndicho leo kinachowapakia wajukuu.

Kwa hiyo kinachoitwa leo ladha ya Australia kilikataliwa na Waaustralia wenyewe kwa zaidi ya miaka kumi. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba kila taifa lina ulimi wake tangu kuumbwa kwake. Miaka mia moja iliyopita hapakuwa na Mwaustralia hata mmoja aliyeililia Vegemite akiwa ughaibuni. Leo wapo wanaoibeba mizigoni kila wasafiripo. Katika jimbo la Victoria, ambako magereza yamepiga marufuku Vegemite tangu 2006, yupo mfungwa aliyekwenda mahakamani kudai kwamba kunyimwa rojo lile ni kunyimwa haki ya kuuishi utamaduni wake.

Mchele mmoja, mapishi mengi. New Zealand wana Marmite yao, yenye sukari na karameli, isiyofanana na ya Kiingereza. Tetemeko la Christchurch la 2011 lilipoharibu kiwanda, rojo likakosekana madukani hadi Machi 2013, na taifa zima likawa halina mazungumzo mengine. Uswisi wana Cenovis, ya tangu 1931, ambayo askari wao wamekuwa wakipewa katika posho ya chakula. Ukimpa Mwingereza Vegemite atakunja uso. Mwaustralia naye ukimpa Marmite ataona umemlaghai. Watu wa pande hizi mbili wanagombana zaidi wao kwa wao kuliko wanavyogombana na Mmarekani, na hilo halishangazi, maana aliye mbali hajui hata kosa liko wapi.

Sasa, sayansi inasema nini? Kwanza, kiini cha ladha hii si kigeni kwa mtu yeyote. Mwaka 1908 mkemia Mjapani Kikunae Ikeda, wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, alitambua kwamba utamu wa mchuzi wa mwani unatokana na glutameti, akaipa ladha hiyo jina la umami. Glutameti hiyo hiyo ndiyo iliyojaa kwenye rojo la hamira. Ndiyo pia asidi ya amino huru iliyo nyingi kuliko zote katika maziwa ya mama. Obama, Gillard na sisi sote tulio ukumbini humu tuliipenda kabla hatujaota meno.

Tukikataa, basi, tunakataa nini? Kuna jaribio ninalolipenda, lililochapishwa mwaka 2008 na Martin Yeomans wa Chuo Kikuu cha Sussex na wenzake, akiwamo mpishi Heston Blumenthal. Walitengeneza aiskrimu ya samaki aina ya salmoni aliyekaushwa kwa moshi. Watu walioambiwa kwamba watakula aiskrimu waliichukia, wakasema ina chumvi iliyopita kiasi. Wengine wakapewa chakula kile kile, chenye chumvi ile ile, ila wao waliambiwa ni chakula cha chumvi kilichogandishwa, hao walikikubali. Kilichobadilika ni matarajio tu. Mfikirie sasa Mmarekani anayeletewa kichupa cha rojo la kahawia la kupaka kwenye mkate. Macho yake yanamwambia ni chokoleti. Mkono wake unachota kijiko kizima. Kinachofuata mdomoni si kosa la rojo wala la ulimi. Ni macho yaliyoudanganya ulimi, na kipimo kilichozidi mara kumi. Ndiyo maana Gillard alitaja siagi kwanza, na kidogo tu.

Umri nao una nguvu yake. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake, Philadelphia, walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliupokea uji wenye karoti kwa uso mkunjufu zaidi kuliko wengine. Ladha hupita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa. Mtoto hufundwa kabla hajazaliwa.

Wapo wanaosema suala hili ni la vinasaba. Ni kweli kwamba hisi ya uchungu inatofautiana kwa urithi, na hilo limethibitishwa vizuri. Lakini mwaka 2017 lilipotangazwa jaribio la kuonyesha kwamba kuipenda au kuichukia Marmite kumeandikwa kwenye vinasaba, waliolifadhili ni wauzaji wenyewe, kampuni ambayo tangu 1996 imekuwa ikijitangaza kwa kauli kwamba utaipenda ama utaichukia. Ninawaomba wanafunzi wangu walisome jaribio hilo wakiwa na swali moja mkononi: kama mgawanyiko huu ni wa damu, mbona umefuata mipaka ya dola ya Kiingereza na njia za meli zake?

Niseme jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote haya. Mwaka 1928 daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiwaua wajawazito, wengi wao maskini, wakiwamo wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Aliingia jikoni kwao, akatazama wanachokula, akafanya majaribio kwa panya na nyani, na hatimaye akajaribu rojo la hamira la bei nafuu. Damu ikarudi. Aliandika matokeo yake mwaka 1931, na kitu kilichokuwa kikiponya, ambacho kwa muda kiliitwa kwa jina lake, baadaye kikajulikana kuwa ni foleti. Kila mama wa Tanzania au Kenya anayetoka kliniki na vidonge vya kuongeza damu amebeba matunda ya kazi ile, na unga wa ngano na mahindi unaosagwa viwandani kwetu huongezwa asidi ya foliki kwa mujibu wa kanuni. Hakuna aliyewauliza wanawake wale wa Bombay kama wameipenda ladha. Ilikuja kama dawa, na dawa huvumiliwa. Chakula hakiwi hivyo: hakuna anayekivumilia chakula kila siku, maisha yake yote, kwa kuwa tu ameambiwa kina faida.

Hapa kwetu tunayajua mambo haya. Mchuzi wa papa mkavu wa nazi, kwa mtu wa Unguja au Mombasa, ni chakula cha kuitana. Mgeni kutoka bara akisikia harufu yake kwa mara ya kwanza hutafuta mlango. Harufu ile ni ya amonia, kwa sababu mwili wa papa una urea nyingi. Nyama ikikauka nayo, protini huvunjika na kuacha umami ule ule wa Ikeda. Mwenyeji hufuata umami, mgeni hufuata amonia, na wote wawili wananusa sufuria moja. Linaloniuma ni kwamba mgeni haishii kukichukia chakula. Huanza kumchukia mlaji, kumwona mchafu, kumcheka mwanawe shuleni. Nimesoma ripoti za lishe zinazoviita vyakula vya watu wetu "duni" kwa sababu ya harufu tu, bila mwandishi kuvipima maabara. Huo si utaalamu.

Uganda wametuonyesha njia bora. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, tunavyoviita viazi lishe, vina vitamini A inayookoa macho na maisha ya watoto. Lakini aina za mwanzo zilikuwa za majimaji, na watu wetu wanataka kiazi kikavu, chenye unga, kinachoshibisha. Walivikataa, na wapo wataalamu waliosema wakulima hawaelewi. Robert Mwanga, Mganda, mtafiti wa uzalishaji wa mbegu, alifanya kinyume: aliuchukua ukavu ule wanaoutaka walaji akautia ndani ya kiazi chenye vitamini, na mwaka 2007 Uganda ikaidhinisha aina mbili, Kabode na Vita. Mwaka 2016 yeye na wenzake watatu walitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Walker aliubadili ulimi ukafuata bidhaa, naye alihitaji miaka, kuponi, madaktari na vita. Mwanga aliibadili bidhaa ikafuata ulimi. Sisi wenye fedha kidogo na watoto wengi wenye utapiamlo hatuna uwezo wa kufuata njia ya Walker, wala sioni kwa nini tuitamani. Ndiyo maana, Makamu Mkuu wa Chuo, ombi langu la kwanza katika kiti hiki si mashine mpya ya maabara. Naomba chumba cha kuonjea chenye jiko la mkaa, sufuria na meza ndefu, ambacho kina mama wa vijiji vinavyotuzunguka wataingia na watoto wao na kulipwa kwa muda wao, na kwamba kusiwe na unga, uji wala mbegu itakayotoka chuoni hapa kwa jina la lishe kabla hawajaionja na kutuambia wangeipikaje.