Hati za Masurufu ya Mtoto Zivukazo Mipaka



Tumetakiwa kunena habari za fomu, nasi twajua kwamba wengi wenu mmekwisha kuchoshwa na fomu tangu asubuhi. Lakini fomu hizi zina mtoto nyuma yake. Baba yuko nchi moja, mama na mtoto wako nchi nyingine. Baraza limeamuru baba atoe masurufu kila mwezi, naye akivuka mpaka, amri ile hubaki nyuma.

Waingereza walijaribu kulitengeneza jambo hili kwa sheria yao ya mwaka 1920, na Kenya, Uganda na Tanganyika, zilipokuwa chini yao, zikapata sheria za mtindo huo. Nakala ya hukumu ilipanda kwa Gavana, ikavuka bahari hata kwa Waziri, ndipo ikashuka kwa baraza la Uingereza kuandikwa katika daftari lake. Mwaka 1956 Umoja wa Mataifa ulifanya mapatano huko New York, kila nchi iwe na ofisi ya kupeleka na ofisi ya kupokea.

Mapatano yaliyotujia sisi makarani hasa ni yale ya The Hague ya tarehe 23 Novemba 2007, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2013. Umoja wa Ulaya uliingia mwaka 2014, na kwa Marekani yalianza mwaka 2017. Kila nchi huweka Ofisi Kuu. Fomu mbili zimefungwa pamoja na mapatano yenyewe: moja ya kupelekea ombi, na moja ya kukiri kwamba ombi limefika. Nyingine zilitengenezwa baadaye ili nchi zote zizitumie, kama ile ya muhtasari wa hukumu na ile ya mapato na mali.

Fomu ya kukiri yaonekana ndogo, lakini sisi twaiheshimu kuliko zote. Ofisi iliyopokea yapaswa kuijibu ile iliyopeleka katika majuma 6, ikitaja ofisi au mtu anayeshughulikia ombi. Na katika miezi 3 baada ya hapo ieleze jambo limefika wapi. (Laiti desturi hii ingekuwa ya ofisi zote tuzijuazo!)

Na hapa ndugu tusikilizane vizuri. Ofisi iliyopokea haina ruhusa kulikataa ombi kwa sababu tu karatasi fulani imepungua. Yapasa iombe karatasi hiyo. Lakini isipoletwa katika miezi 3, au muda mrefu zaidi uliotajwa, yaweza kuacha kulishughulikia ombi. Basi fikirini: barua ya kuuliza cheti cha kuzaliwa imefika, imetiwa muhuri, imewekwa chini ya mafaili mengine. Hakuna aliyemkatalia mama yule. Hakimu hakusema neno. Hata hivyo masurufu yamekatika, na aliyeyakata ni karani asiyejua kwamba ameyakata.

Liko na jambo la anwani. Si kila mama anayetaka baba ajue alipo. Mapatano yakataza kutoa habari ambazo zaweza kuhatarisha afya, usalama au uhuru wa mtu, na kwa hiyo anwani ya mwombaji yaweza kuandikwa katika karatasi ya mbali. Anayebandika karatasi zote pamoja kwa ajili ya unadhifu afanya jambo la hatari.

Mwisho wa safari ni mshahara. Huko Marekani mwajiri hupelekewa hati ya namna moja katika majimbo yote, ikimwamuru akate fedha katika mshahara wa baba. Akiisha kukata, azipeleke katika siku 7 za kazi. Mwandishi wa mishahara hana haja ya kujua hukumu ilitolewa kwa lugha gani. Atazama jina, kiasi, na namba ya shauri. Namba ikikosewa tarakimu moja, fedha zaweza kukaa bila kujulikana ni za nani.

Bwana Mwenyekiti, nakala za fomu zile mbili tumezileta, ziko mezani. Anayetaka kuzijaza kwa kujaribu atwae moja, nasi tutazisahihisha pamoja kabla ya chai.